Uzi: Usiku katika uwanja wa Jemaa el-Fnaa, Marrakech: nani anakula na nani analiwa?

Mguu Niponye (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Katika nyuzi za safari humu jukwaani nimesoma zaidi ya mara moja kwamba soko la usiku la Jemaa el-Fnaa, katika jiji la Marrakech nchini Moroko, ni mahali pa kupiga picha moja kutoka juu ya paa la mkahawa na kuondoka haraka kabla hujaibiwa. Mimi nimelala Marrakech usiku sita, na usiku wote sita nilikuwa uwanjani hapo. Wa kwanza niliondoka nimenuna; wa sita niliondoka kwa sababu tu wenye vibanda walikuwa wanakunja mabenchi. Ushauri ule siukubali, ingawa naelewa umetoka wapi, na ndiyo maana nimefungua uzi huu. Kwa niliyoyaona, wageni wengi wanaliwa pale kwa sababu wanafika mapema na wanafika na njaa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku niliyoingia sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi, nikashusha mzigo na kwenda uwanjani moja kwa moja, jua likiwa bado linawaka. Safu ya kwanza ya vibanda ina wapiga debe ambao hata wale wa vituo vyetu vya daladala wangewavulia kofia: mmoja anakuonyesha orodha ya vyakula iliyofunikwa plastiki, mwingine anakisia nchi yako kwa sauti, wa tatu ameshakuvutia benchi. Nikakaa. Kabla sijaagiza chochote kikaja kikapu cha mkate, kisahani cha zeituni, kibakuli cha mchuzi wa nyanya wenye pilipili na sahani ya biringani za kukaanga, na mimi, kwa malezi yetu ya kumkirimu mgeni, nikadhani ni takrima. Bili ilipofika, kila kisahani kilikuwa na mstari wake, pamoja na vile ambavyo sikuvigusa. Nilipouliza, mhudumu alicheka kwa upole na kunionyesha mkate niliokwisha kuumega. Nikalipa. Nilikuwa nimeliwa, na kijiko bado kiko mkononi mwangu.

Usiku wa pili nilibadilisha mwendo. Nilikula kidogo mchana, nikapanda ghorofani kwenye mkahawa mmojawapo unaotazama uwanja, nikaagiza chai ya nanaa na kukaa saa nzima nikitazama tu. Ukiwa juu unaelewa kitu ambacho ukiwa chini hukioni: vibanda vya chakula vinachukua sehemu moja tu ya uwanja. Vinajengwa upya kila alasiri, kwa mikokoteni inayoleta mabomba ya chuma, maturubai, mitungi ya gesi na nyaya za taa, na vinapangwa kwa safu zenye namba. Sehemu iliyobaki ni ya watu waliosimama kwa miduara. Mduara mmoja unaitwa *halqa*, na katikati yake yupo mtu au kikundi kinachofanya jambo: wapiga ngoma wa Gnawa, muziki mmojawapo wa jadi wa Moroko, wenye vyuma mikononi vinavyolia kama kwato za farasi, wanasarakasi, mchekeshaji, mwuza dawa za mizizi anayehubiri kuliko anavyouza, na ukibahatika, msimulizi wa hadithi. Moshi wa nyama unapanda, unapita mbele ya mnara wa msikiti wa Koutoubia, ambao una urefu wa takribani mita 77 na umesimama pale tangu karne ya 12, na adhana ya magharibi inapoanza baadhi ya ngoma zinanyamaza kwa muda.

Hapa niseme neno kuhusu saa, kwa sababu limewachanganya wengi. Sisi tumezoea jua linalozama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima. Tangu mwaka 2018 Moroko inatumia saa iliyo mbele ya ile ya Greenwich kwa saa moja karibu mwaka mzima, isipokuwa wakati wa Ramadhani inapoirudisha nyuma. Matokeo yake ni kwamba mwezi wa Juni jua la Marrakech huzama kwenye saa mbili na dakika arobaini usiku, na Desemba kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa hesabu yetu ya saa ni kichekesho kuvaa miwani ya jua saa mbili usiku, lakini ndivyo ilivyo. Ukifika saa moja usiku mwezi wa Juni umefika mchana, na unachokiona ni soko linalojiandaa, lenye wapiga debe wengi kuliko wateja. Wote wanakuangalia wewe.

Niliposhuka baada ya magharibi sikwenda kwenye vibanda. Nilijipenyeza kwenye duara la mzee mmoja aliyevaa kanzu yenye kofia, amesimama na bakora, anasimulia. Kiarabu cha Moroko, yaani Darija, sikijui, na hata anayejua Kiarabu cha vitabuni anapata taabu nacho. Hata hivyo kila baada ya sentensi kadhaa nilidaka neno: sultani, waziri, maskini, dunia. Kwa maneno hayo manne Mswahili anaweza kujitungia hadithi nzima. Msimulizi wetu angeanza kwa paukwa, tukajibu pakawa. Yule alianza kwa kuwaomba watu wamsalie Mtume, duara zima likaitikia, kisha akawavuta wasikilizaji polepole hadi mahali ambapo, kwa jinsi walivyoinamisha shingo, nadhani upanga ulikuwa tayari hewani. Hapo hapo akanyamaza. Akavua kofia yake ndogo, akaanza kuzunguka na kukusanya sarafu, na hakuna aliyeondoka, kwa kuwa hakuna aliyekubali kulala bila kujua kama shingo ilikatwa. Mtoto aliyekuwa mbele yangu alimvuta baba yake mkono mpaka baba akatoa.

Ndipo nikaenda kula, saa nne usiku imepita. Safu zimejaa familia, wapiga debe wameshachoka na hawana tena shida na mimi. Nilikaa penye kibanda cha supu ya *harira*, ile nzito ya dengu na nyanya inayoliwa na tende, pembeni ya mama mmoja na wanawe watatu. Nilisubiri mama alipe ndipo na mimi nikatoa noti ile ile aliyoitoa yeye. Chenji ilikuwa sawasawa.

Naomba waliowahi kufika waongeze, na wanaotaka kwenda waulize.

Upawa

Mkuu Mguu Niponye, asante kwa uzi. Nimefika mara mbili, na kwa kuwa kazi yangu ni jiko, nilichunguza zaidi yanayotendeka nyuma ya meza kuliko mbele yake. Nakubaliana nawe kuhusu kuchelewa kula, lakini nina sababu nyingine. Kibanda chenye wateja wengi kinageuza chakula upesi, nyama haikai. Mapema jioni mishikaki na samaki wamepangwa mbele kama maonyesho, na hujui wamekaa hapo tangu saa ngapi. Mimi huangalia vitu viwili tu: mikono ya anayepokea fedha ndiyo mikono inayoshika nyama au la, na sahani zinaoshwa kwa maji yanayotiririka au kwa ndoo moja inayozidi kuwa nyeusi. Vibanda vingine hufunika sahani kwa karatasi, nao ni uungwana wa kutosha. Kachumbari na saladi mbichi nilizikwepa usiku wa kwanza na wa pili, nikazila usiku wa tatu tumbo lilipozoea.

Ila niseme kweli: chakula bora cha Marrakech hakiko katika zile safu zenye taa kali. Jambo ambalo mgeni asiondoke bila kulionja ni *tanjia*. Hiki ni chungu kirefu chenye shingo nyembamba. Ndani yake hutiwa nyama ya ng'ombe au kondoo, kitunguu saumu, bizari nyembamba, zafarani, samli iliyokomaa na limau lililohifadhiwa kwa chumvi, kinafungwa mdomo kwa karatasi na kupelekwa kwenye tanuri la hamamu, yaani nyumba ya kuogea ya mtaani. Mchochea moto wa hamamu anakifukia kwenye majivu ya moto kwa saa nyingi, na moto ule ule unaochemsha maji ya watu kuogea ndio unaolainisha nyama. Inasemekana ni chakula cha wanaume wa kazi za mikono, wanaokipeleka asubuhi na kukichukua jioni. Nilipomiminiwa sahanini, nyama ilishuka nzima ikiwa na umbo, nikaigusa kwa mkate ikaachana nyuzi nyuzi. Hakuna kisu kilichohitajika.

Nyingine ni kondoo mzima anayeokwa ndani ya shimo, katika kichochoro kilicho upande wa kaskazini wa uwanja. Huyo ni wa mchana. Ukimfuata usiku unakuta mifupa na mwenye duka anafagia.

Nahodha Nchi Kavu

Wakuu, swali langu ni moja na naomba nisichekwe. Nimeona katika picha vibanda vyenye sufuria kubwa zilizojaa konokono, na watu wanawachokoa kwa vijiti vya meno na kunywa mchuzi wake. Moroko ni nchi ya Kiislamu. Je, huyo konokono ni halali? Na kama ni halali kwao, mbona kwetu pwani ukimtaja tu mtu anatema mate?

Mzee wa Baraza

Ndugu Nahodha, hakuna wa kukucheka. Swali lako ni la mtu anayejua anachouliza. Waislamu wa Moroko kwa sehemu kubwa sana wanafuata madhehebu ya Imamu Malik, na katika madhehebu hayo konokono wa nchi kavu anaruhusiwa kwa kumlinganisha na nzige, ilimradi afe kwa tendo la mwanadamu kama vile kuchemshwa, na jina la Mungu litajwe. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafi, na kwa Mashafi konokono wa nchi kavu hayumo katika vinavyoliwa. Kwa hiyo wote wawili mnaweza kukaa benchi moja, mwenzako akichokoa na wewe ukinywa chai, na kila mmoja amebaki katika njia yake. Kutema mate kwetu ni mazoea ya ulimi zaidi kuliko fiqhi.

Nimewahi kukaa karibu na kibanda hicho. Mchuzi una harufu ya mimea mingi iliyochemshwa pamoja, kitu kama cha mwarobaini uliotiwa adabu, na wenyeji wanaunywa kwa mafua na kwa tumbo. Mimi nilihamia mwisho wa safu kwenye mabirika makubwa ya shaba, wanakouza kinywaji chenye ukali wa mzizi wa jamii ya tangawizi, pamoja na kipande cha *sellou*, unga wa kukaanga uliochanganywa na lozi, ufuta na asali. Usiku wa Januari, baridi ikishuka, kikombe hicho kinafika hadi kwenye vidole vya miguu. Msisahau kwamba Marrakech iko zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari na milima ya Atlas iko karibu. Wengi wanadhani Afrika yote ni joto, wanakwenda na fulana.

Kipara Ngoto

Nimesoma yote na nitakuwa mpinzani. Ndugu Mguu Niponye amemkuta msimulizi mmoja na ametuandikia kana kwamba uwanja mzima ni wa wasimulizi. Mimi nimekwenda, nimetafuta kwa usiku mitatu, sikupata hata mmoja. Nilichopata ni vijana wenye nyani waliofungwa minyororo, wanaokuwekea mnyama begani bila kukuuliza kisha wanadai fedha ya picha. Kinamama wanaokushika mkono na kuanza kukupaka hina. Na duara kubwa kuliko yote lilikuwa la watu wazima walioshika fimbo ndefu zenye uzi na pete, wanajaribu kuvua chupa za soda zilizopangwa chini. Huo ndio urithi wa dunia? Naona kilichobaki ni ganda. Yai limekwisha liwa.

Mguu Niponye (mwanzisha uzi)

Mkuu Kipara Ngoto, kuhusu nyani nakuunga mkono kwa asilimia zote. Hao ni wale wa kaskazini mwa Afrika, wasio na mkia, ambao wako katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na kila picha inayolipiwa ni sababu ya mwingine kutolewa milimani. Dawa yake ni kupita mbali na kutoinua simu.

Kuhusu wasimulizi una ukweli pia, na huo ukweli si mpya. Miaka ya 1990 kulikuwa na mipango ya ujenzi kandokando ya uwanja, na Juan Goytisolo, mwandishi wa Uhispania aliyeishi hapo hapo Marrakech hadi alipofariki mwaka 2017, alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kwamba ukijenga maghorofa ya vioo na maegesho ya magari umewaua wasimulizi bila kumgusa hata mmoja. Mwaka 1997 UNESCO ilifanya mkutano Marrakech kuhusu maeneo ya aina hiyo. Mwaka 2001 ulipotangazwa kwa mara ya kwanza urithi wa simulizi na usioshikika wa binadamu, Jemaa el-Fnaa ulikuwa mmoja kati ya urithi 19, na mwaka 2008 ukaingizwa rasmi katika orodha ya kudumu. Mji mkongwe wenyewe ulikuwa umeorodheshwa tangu 1985 kwa ajili ya majengo yake. Kilicholindwa mwaka 2001 kilikuwa kitu kingine kabisa, yaani watu kusimama mduara na kumsikiliza mtu mmoja. Wazo hilo lilianza kulindwa kwa sababu tayari lilikuwa linapungua, kwa hiyo anayekwenda leo na kusema wamepungua anasema kile kile kilichosemwa na waliolipigania.

Ila kwenye chupa za soda tunaachana. Mimi nilisimama kwenye duara hilo karibu nusu saa. Pete ni ndogo, shingo ya chupa ni nyembamba, uzi unayumba kwa upepo, na mtu anapoikaribia chupa umati wote unashusha pumzi pamoja. Kulikuwa na mzee mwenye kilemba ambaye hakuwa mchezaji. Alikuwa anatoa tu maelekezo kwa kila mchezaji, kushoto, kulia, polepole, na anakasirika kweli wanapokosa. Hakuna mtalii aliyekuwa anacheza. Ile ilikuwa ni burudani ya watu wa Marrakech baada ya kazi, kwa fedha ndogo, na zawadi yake ni soda yenye uvuguvugu. Kama hilo ni ganda, basi mimi nalitaka ganda.

Na kwa kuwa tumegusa lugha, niwape kisa kimoja. Kwenye mikokoteni ya juisi ya machungwa nilionja, ikanikonga roho, nikasema kwa nguvu "safi!" Mwuzaji akaacha kumimina, bilauri ikiwa nusu. Kwao *safi* maana yake ni "basi, imetosha". Neno ni moja, limetoka shina moja, lakini kila mmoja amelipeleka njia yake. Tangu hapo nilisifu kwa kutikisa kichwa.

Ukaya wa Hariri

Naomba niongeze upande wa wanawake, kwa kuwa umetajwa kwa kupita tu. Nilikwenda na dada yangu, na sehemu iliyotusumbua zaidi ya vibanda vyote ni wapakaji hina. Wanakaa kwenye viti vifupi na miavuli, wana vitabu vya michoro, na baadhi yao hawasubiri ukubali: wanakusalimia, wanakushika mkono kama shoga wa zamani, na mstari wa kwanza umeshachorwa. Ukishachorwa mstari bei haipatanishwi tena. Njia iliyotusaidia ni kutembea mikono ikiwa imeshika mkoba mbele, si kwa kuogopa vibaka peke yao bali kwa sababu mkono uliokwisha kushika kitu haushikiki.

La pili ni rangi. Hina halisi inaacha rangi ya kahawia au ya machungwa mekundu. Ukipewa ile nyeusi tititi inayokauka haraka, hiyo ni ile tunayoiita piko, na mara nyingi ina kemikali ya PPD ya kupaka nywele, ambayo inaweza kuunguza ngozi na kuacha alama za muda mrefu. Sisi tuliokulia kwenye harusi za pwani tunajua tofauti kwa pua kabla ya macho. Watalii hawajui, na niliona binti mmoja mgeni akifurahia weusi wake nikashindwa kumwambia kwa lugha yoyote.

Kuhusu usalama wa kutembea usiku, ndani ya uwanja hatukuogopa hata mara moja, kwani watu ni wengi, familia zipo na polisi wa watalii wanazunguka. Tatizo ni vichochoro vya kurudia ulikofikia. Kijana atakwambia njia imefungwa, kwamba uwanja uko upande ule au nyumba yako iko upande huu, na baada ya kukuongoza anadai ujira. Tulihifadhi ramani kwenye simu kabla ya kutoka, na tulipopotea tuliwauliza wenye maduka waliokaa dukani mwao, kwa sababu mwenye duka hawezi kuliacha akufuate. Angalieni pia pikipiki, zinapita vichochoroni kwa kasi ambayo hailingani na upana wa njia.

Nahodha Nchi Kavu

Asanteni sana wakuu, hasa Mzee wa Baraza na Bi Ukaya. Swali la mwisho ni la fedha na la siku. Dirhamu nizitafute kabla ya kuondoka nyumbani? Na ni vibaya kwenda wakati wa Ramadhani?

Mzee wa Baraza

Dirhamu utazipata ukishafika, kwa kuwa sheria za nchi yao zinabana fedha hiyo kutoka nje ya mipaka. Badilisha uwanja wa ndege kiasi cha usafiri na chakula cha jioni, na kilichobaki badilisha mjini. Uwanjani tembea na noti ndogo na sarafu nyingi, kwa sababu kila duara lina kofia yake, na mtu mwenye noti kubwa peke yake ama anakuwa bahili ama anakuwa mfadhili, hana njia ya katikati.

Ramadhani mimi ningeichagua kwa makusudi, maadamu huna haraka ya mchana. Nilikuwa pale mwaka mmoja mwezi huo. Dakika chache kabla ya magharibi uwanja ulinyamaza kabisa, jambo ambalo hulioni siku nyingine yoyote: watu wamekaa mbele ya bakuli za harira, tende mkononi, vitafunio vya asali vya *chebakia* vimefunuliwa, na hakuna anayeita mteja. Mpiga debe aliyekuwa ananifuata tangu alasiri alikaa benchi moja nami, akanisogezea bakuli, nasi tukasubiri pamoja. Adhana ilipotoka Koutoubia alinipa tende ya kwanza. Nilipomaliza kula nikaingiza mkono mfukoni, akaniambia niondoe mkono.

Kesho yake, saa nne usiku, alinipigia debe kama hanijui.

Upawa

Mzee, huyo lazima niliwahi kukutana naye. Mimi alinitoza hata maji ya kunawa.